TAHARIRI: Askari Anapobisha Hodi Alfajiri

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Jumatatu moja mwanafunzi wa darasa la sarufi alifika madrasa bila ya daftari lake. Alipoulizwa amelisahau wapi, alijibu kwa sauti ya chini kwamba limechukuliwa na askari. Wenzake walicheka, wakidhani ni udhuru wa mtoto mvivu. Haukuwa udhuru. Askari sita walikuwa wamefika nyumbani kwao kabla ya adhana ya Alfajiri, baba akiwa zamu ya usiku bandarini. Mama alifungua mlango. Wakaingia, wakainua magodoro, wakamwaga vilivyomo kabatini, wakachukua simu ya mama na mkoba wa vitabu uliotundikwa ukutani, kwa kuwa vitabu vilivyokuwamo viliandikwa kwa Kiarabu. Mkobani mlikuwa na Juzuu Amma na daftari la mazoezi ya i'rabu. Wanafunzi wa sarufi wamekuwa wakiandika kwa karne nyingi kwamba Zaid amempiga Amru, na tunatumaini hakuna afisa atakayetumwa kumtafuta Zaid.

Aliyekuwa akitafutwa ni mpwa wa baba, ambaye hajaishi katika nyumba ile kwa miaka miwili. Askari hawakuonyesha karatasi, hawakusema wametoka kituo gani, wala hawakuacha orodha ya walivyochukua. Mama alipokwenda kituoni siku ya pili, aliambiwa kwamba hapakuandikwa operesheni yoyote usiku ule. Hatukitaji kituo wala mtaa, kwani si makusudio yetu kumhukumu mtu katika ukurasa huu.

Kilichotusukuma kuandika ni swali la mama huyo. Hakuuliza kwa nini walikuja. Aliuliza, "Maalim, nilikuwa na haki ya kuwakatalia?" Na sisi tuliokaa miaka tukisoma hukumu za kubisha hodi katika vitabu vya fiqhi, hatukuwa na jawabu katika sheria ya nchi tunamoishi. Tukamwambia asubiri. Tumelitafuta jawabu hilo katika Katiba na sheria za Kenya, tukawauliza wanaojua, na tunalileta hapa kwa kuwa hatudhani ni mama mmoja tu anayelihitaji.

Tuanze na Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, na cha kwanza kinachotajwa ndani ya haki hiyo ni kwamba mtu, nyumba yake na mali yake visipekuliwe. Kisha kinataja vitu vyake visitwaliwe, habari za familia yake zisitakiwe wala kufichuliwa pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Zingatia neno "kila mtu". Haki hii haikupewa raia peke yake, wala mwenye hatimiliki ya nyumba peke yake. Mpangaji wa chumba kimoja Majengo anayo sawasawa na mwenye jumba Nyali.

Lakini haki hii si miongoni mwa zile ambazo Katiba imezikataza kupunguzwa kabisa. Kifungu cha 25 kimezitaja hizo, kama vile haki ya kutoteswa na haki ya kuhukumiwa kwa uadilifu, na faragha ya nyumba haimo. Kwa hiyo yaweza kupunguzwa, ila kwa sheria iliyoandikwa, na kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia, kama kinavyoeleza Kifungu cha 24. Anayesema barazani kwamba askari hawezi kamwe kuingia nyumbani kwa mtu amekosea, na anayesema kwamba askari huingia apendapo kwa kuwa yeye ni serikali, amekosea zaidi.

Njia ya kwanza ya kuingia ni hati ya upekuzi. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 118, inamtaka anayeiomba athibitishe kwa kiapo mbele ya mahakama au hakimu kwamba kuna kitu kinachohusiana na kosa, au kinachohitajika katika upelelezi, na kwamba kitu hicho kipo, au kinashukiwa kwa sababu za maana kuwa kipo, mahali fulani. Hakimu akiridhika, huandika hati ya kumruhusu askari kupekua mahali hapo. Hati hutolewa na mahakama. Mkuu wa kituo hawezi kujiandikia, na chifu hawezi kumwandikia. Wala mwenye nyumba asitarajie kuarifiwa mapema kwamba hati inaombwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu, katika shauri lililohusu akaunti ya benki ya wakili, ilisema kwamba hati inapoombwa kwa njia hii hapana ulazima wa kumpa mhusika taarifa kwanza, na hilo laeleweka, kwani aliyeficha kitu akiarifiwa atakihamisha.

Kifungu kinachofuata, cha 119, ndicho ambacho tungependa kila nyumba ikihifadhi. Kinasema kwamba hati ya upekuzi inaweza kutekelezwa siku yoyote, hata Jumapili, lakini baina ya kuchomoza kwa jua na kuzama kwake. Askari akitaka kuitekeleza usiku, ni lazima mahakama iwe imeruhusu hivyo ndani ya hati yenyewe. Saa kumi za usiku, wakati ambao nyumba nyingi za mitaa yetu zimezoea kusikia mlango ukigongwa, ziko nje ya saa za kawaida za hati. Anayekuja na hati wakati huo ni haki yako kuisoma, uone kama hakimu ametoa ruhusa hiyo.

Na hati hiyo ikiwa sahihi, kifungu cha 120 kinamwajibisha mwenye nyumba kufungua na kuwarahisishia wapekuzi kazi yao. Kufunga mlango mbele ya hati halali ni kosa, na faida yake ni mlango uliovunjika.

Ama kuingia bila ya hati, hapa ndipo penye mashaka mengi, nasi tutapachukua polepole.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 57, inamruhusu askari kuingia bila hati katika hali mbili. Ya kwanza ni kuwa na sababu za maana za kuamini kwamba ndani ya nyumba kuna kitu cha lazima kwa upelelezi, na kwamba kuchelewa kwa ajili ya kutafuta hati kutauharibu upelelezi huo. Ya pili ni kwamba ndani yumo mtu aliyetolewa hati ya kukamatwa, au anayeshukiwa kwa sababu za maana kutenda kosa ambalo askari anaweza kumkamata kwalo bila hati. Hata katika hali hizo sheria haikumwambia avunje mlango. Imemwambia aeleze mamlaka yake na shabaha yake, na adai afunguliwe. Ni pale tu anapokosa kuingia pasipo kucheleweshwa isivyo haki ndipo anapoweza kujiingiza. Naye anatakiwa kujitambulisha kabla, kuandika alilofanya na alichochukua, na kumwachia mwenye nyumba nakala ya maandishi hayo. Vilivyochukuliwa hupelekwa mbele ya hakimu.

Msomaji alipime tukio la mama yule kwa mizani hiyo. Inawezekana kabisa kwamba askari walikuwa na sababu za kumshuku mpwa na kudhani yumo mle. Hatuna elimu ya waliyokuwa nayo moyoni wala ya walioambiwa na watu. Sheria yenyewe inaruhusu nyumba ya mtu mwingine kuingiwa kwa ajili ya mtuhumiwa aliyejificha humo, kwa hiyo jawabu la "mpwa haishi hapa" peke yake si ngao. Lakini mpwa hafichwi ndani ya mkoba wa vitabu. Na hata wangekuwa na kila sababu ya kuingia, ile nakala ya maandishi ilikuwa wajibu juu yao. Kwa kukosekana kwa karatasi ile moja, simu na daftari viligeuka kuwa vitu ambavyo, kwa kauli ya kituo, havikuchukuliwa na mtu.

Wako watakaosema kwamba mambo ya ugaidi yana sheria zake. Ni kweli. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 inaruhusu haki ya faragha ipunguzwe ili mtu, nyumba au mali ipekuliwe, lakini imetaja pia makusudio ya kufanya hivyo, nayo ni kuchunguza, kugundua na kuzuia kitendo cha ugaidi, na kulinda haki za wengine. Haikusema kwamba mtaa fulani, au vazi fulani, au maandishi ya lugha fulani yanatosha kuwa sababu. Tuliyaona matokeo ya kusahau jambo hilo mwezi Aprili 2014, katika operesheni iliyojulikana kwa jina la Usalama Watch, nyumba za Eastleigh zilipoingiwa mlango kwa mlango na watu kwa maelfu kukamatwa, wengi wakakusanywa katika uwanja wa Kasarani. Na haikuwa kauli ya Waislamu pekee kwamba mambo yalikwenda kinyume. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ambayo ni chombo cha dola, iliifuatilia operesheni ile na kutoa ripoti mwaka huo huo kwamba haikuendeshwa kwa kuheshimu sheria na haki za watu.

Wala mlango usiobishwa hodi vizuri si msiba wa Waislamu peke yao. Mwezi Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa na polisi nyumbani kwa babake, kaunti ya Homa Bay, akafia mikononi mwao Nairobi usiku huo huo wa safari, na nchi nzima ikaingia barabarani.

Turudi kwa wanawake, kwani ndio walio nyumbani mara nyingi askari wanapofika. Kifungu cha 27 cha Sura ya 75 kinaamuru kwamba mwanamke akihitaji kupekuliwa mwilini, apekuliwe na mwanamke mwenziwe, kwa kuchunga heshima kikamilifu. Hakuna katika kifungu hicho neno "ikiwezekana". Kundi la askari wanaume lisilo na mwanamke ndani yake halina njia halali ya kumpekua mama mwilini, hata likiwa na hati yenye sahihi kumi.

Na kuna kifungu kingine kilichotushangaza tulipokikuta. Kifungu cha 22, kinachohusu kuingia mahali kumkamata mtu, kinasema kwamba ikiwa chumba kinakaliwa na mwanamke ambaye kwa desturi hatokei mbele ya watu, na siye anayekuja kukamatwa, basi askari kabla ya kuingia ni lazima amwarifu kwamba yuko huru kuondoka, na ampe kila nafasi ya kuondoka kwa sitara, ndipo aingie. Sheria hii ni ya mwaka 1930. Iliandikwa na wakoloni wa Kiingereza, nao waliyatoa maneno hayo katika sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1898. Mkoloni hakuwa na mapenzi na sitara zetu; alijua tu kwamba kuivamia kungemletea ghasia. Lakini neno aliloliandika lingali ndani ya vitabu, na kila mwanamke wa nyumba zetu anayo haki ya kusema, "Subirini, nivae na nitoke chumbani," bila ya hilo kuhesabiwa kuwa ni kuwazuia askari kazi yao.

Fiqhi yetu ilishughulika na suala hili zamani. Suratun-Nur, katika aya za 27 na 28, imeweka hukumu ya kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba isiyo yako, na ya kurejea unapoambiwa urejee, na Suratul-Hujurat imekataza kupeleleza aibu za watu. Kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) aliyepanda ukuta wa mtu, akakumbushwa na mwenye nyumba kwamba yeye Umar ndiye aliyekosa mara tatu, kila msomaji anakijua. Linalojulikana kidogo ni alilolisema Imamu al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Anaeleza kwamba msimamizi wa hisba hana ruhusa ya kupeleleza yaliyofichwa ndani ya nyumba. Kisha anatoa hali ya kipekee: akipashwa habari na mtu mwaminifu kwamba ndani yumo mtu aliyejifungia na mwenziwe ili amuue, yaani uovu ambao ukishapita haurudishiki, hapo aweza kuingia na kuuzuia.

Ukiisoma kauli hiyo pamoja na kifungu cha 57 utaona zinafanana: zote mbili zinahitaji habari yenye msingi, na zote mbili zinahitaji dharura. Zinapoachana ni hapa. Al-Mawardi anaangalia damu isimwagike. Sheria ya Kenya inaangalia upelelezi usiharibike. Mlango wa pili ni mpana kuliko wa kwanza. Kwa maoni yetu ni mpana mno, kwani ni askari gani atakayeshindwa kusema kwamba alihofia upelelezi wake ungeharibika? Kwa ajili hiyo masharti ya kujitambulisha, kuandika na kuacha nakala hayafai kudharauliwa kama adabu za pembeni. Ndiyo pekee yanayomwezesha hakimu kuuliza, baada ya tukio, kama dharura ile ilikuwa ya kweli.

Sasa neno "karibu". Mswahili akibishiwa hodi hujibu "karibu" kabla hajafikiri, hata kama anayebisha amevaa buti. Katika sheria, ridhaa ya mwenye nyumba inaondoa haja ya hati. "Karibuni" ya mama anayetetemeka gizani si ridhaa ya kweli, lakini mahakamani afisa atasema kwamba alikaribishwa, na atakuwa anasema neno lililotamkwa. Wakili mmoja tuliyemuuliza alishauri maneno haya, na tunayaona kuwa ya busara: "Siwazuii, lakini sijatoa ridhaa. Naomba kuiona hati na vitambulisho vyenu." Yasemwe kwa utulivu, na yasikike na jirani. Kisha mtu ahifadhi sura, majina, nambari za gari na saa. Asimshike askari mkono, asimtukane, asimfungie mlango. Kumzuia askari aliye kazini ni kosa la jinai, na vijana wanaowachochea mama zao wasimame mlangoni kwa ubishi wao hawapo saa hiyo, wameshapanda paa.

Upekuzi ukiwa umekwenda kinyume cha sheria, kuna njia za kufuata baadaye. Mtu apige ripoti kituoni na adai nambari ya kitabu cha matukio, kile tukiitacho OB, hata kama ripoti yenyewe ni dhidi ya askari. IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hupokea malalamiko bila malipo na ina ofisi Mombasa. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru fidia kwa haki iliyovunjwa. Na mtu akishtakiwa kwa kitu kilichopatikana katika upekuzi haramu, Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utatupwa, ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya uadilifu au kutadhuru utoaji wa haki. Hautupwi wenyewe kwa wenyewe. Ni lazima mtu auombee utupwe, na hakimu apime. Kwa hiyo anayeficha bunduki au unga wa haramu akitumaini kuokolewa na kasoro ya hati anajidanganya.

Na tuwe wakweli katika jambo hili la unga. Ni sisi wenyewe, wazazi na kamati za misikiti, tunaokwenda kwa mkuu wa polisi kuomba vyumba vya wauza dawa vivamiwe usiku, na tukiambiwa kwamba hati haijapatikana tunalalamika kuwa polisi wamehongwa. Pengine wamehongwa. Lakini hakimu tunayetaka asimame kwenye mlango wa mama yule ndiye yule yule atakayesimama kwenye mlango wa muuza unga. Hatuwezi kumtaka hapa na kumkimbia kule.

Tunapendekeza kwa kamati za misikiti na madrasa kwamba darsa moja ya akina mama katika kila miezi mitatu apewe wakili, ikiwezekana mwanamke, asome nao vifungu hivi kwa Kiswahili, na nakala fupi ibandikwe nyuma ya mlango wa kila nyumba. Madrasa yetu imeanza, na darsa ya kwanza ilijaa mpaka ukumbini.

Ama mama mwenye swali, tumempa jawabu lake: alikuwa na haki ya kuuliza, ya kusoma, ya kujisitiri, ya kutotoa ridhaa, na ya kuachiwa maandishi. Ripoti ameipiga na nambari ya OB ameipata kwa mara ya tatu ya kwenda. Malalamiko yamefikishwa IPOA. Simu imerudishwa, bila ya maelezo. Daftari halijarudi.

Wabillahi Tawfiq.